Kanda Iliyoanguka Mokowe

Kuna alasiri moja, mwanangu, ambayo hainitoki. Stima ikikatika tu, hata kama ni mchana na hatuna haja ya taa, hunirudia yote: chumba cha juu, harufu ya udi, na sauti ya mtu akisema, "Malizia, Mwanaesha."

Najua utacheka kuona nakuita mwanangu na mimi sijatimiza miaka thelathini. Lakini mtoto wa kaka ni mwana, na jambo hili siwezi kukwambia kwa utani wa shangazi. Juzi nilikuona na kina Bi Salma, rafiki za mama yako. Walikuwa wakibishana juu ya ile filamu, kila mtu na lake, wanakatizana na kucheka, nawe ukatoa simu ukawasomea ilivyo hasa. Ulikuwa sahihi. Chumba kikanyamaza, na wewe ukadhani wamenyamaza kwa kukubali. Tangu juzi nawaza nikwambie au nisikwambie, nikuite au nikuandikie, na kama nikikuandikia, je, utaona nakugombeza? Mwisho nimeona niandike. Nikisema kwa mdomo nitaanza kujitetea.

Bibi yetu, mimi na baba yako, hukumjua vizuri. Ulikuwa mdogo. Jina lake Mwanaesha, na chumba chake cha juu ndicho kilichokuwa sinema ya wanawake wa mtaa mzima. Siku hizo filamu na tamthilia zilikuwa zikitufikia kwenye kanda. Bwana Fadhili alikuwa na duka la kukodisha video huku chini karibu na forodhani, jembamba kama ushoroba, rafu zimepanda mpaka darini. Kanda zilimjia kutoka Mombasa, kwa basi mpaka Mokowe, halafu kwa mashua mpaka Amu, kisiwani kwetu. Tamthilia ndefu ilikuja kidogo kidogo: leo kanda ya tatu, baada ya wiki mbili ya nne. Ukikutana na Bwana Fadhili popote, hata akitoka msikitini, ulimwuliza tu, "Imekuja?" naye alijua unauliza nini.

Baada ya sala ya alasiri wanawake walikuja. Hawakupita nje. Walipita kwa Bi Zuhura, kisha kwenye wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya ndia, njia nyembamba ya mtaa, kuunganisha nyumba yake na yetu, kwa hiyo walifika na leso zao za nyumbani, bila kuhangaika na buibui. Wewe umelizoea wikio kama mahali pa kuanikia nguo. Kwetu sisi watoto lilikuwa mlango wa furaha. Tukisikia ndara zikipigapiga juu ya ndia, tulijua tamthilia inaanza.

Tamthilia zenyewe zilikuwa kwa Kihindi, na kanda zile hazikuwa na maandishi yoyote ya kueleza. Hakuna aliyejua Kihindi mle ndani. Bibi alisema yeye anajua.

"Kihindi kiko usoni," alikuwa akisema. "Watizame mato."

Basi yeye ndiye aliyetueleza. Fulani amesema hivi, mama mkwe anajibu vile, yule daktari ni mwongo, mtizameni shingo. Na stima ilipokatika, nayo siku hizo ilikuwa ikikatika bila adabu yoyote, hakuna aliyeinuka kwenda zake. Bi Zuhura alikunja miguu yake vizuri, akasema, "Malizia, Mwanaesha," na Bibi akamalizia. Alisimulia mbele ya televisheni iliyozimika kama vile anaiona. Stima ikirudi, tulikuta wale waigizaji wamefanya mambo mengine kabisa.

"Hawa wamekosea," Bi Zuhura alisema siku moja, kwa uchungu wa kweli. "Kwa Mwanaesha ilikuwa nzuri zaidi."

Kati ya zote, kulikuwa na moja waliyoipenda kupita kiasi. Jina lake la Kihindi hakuna aliyelishika. Wao waliiita Mama Bangili. Ni habari ya mjane aliyekuwa na bangili mbili, akampa mwanawe mmoja wa kiume bangili moja siku alipopanda gari la moshi kwenda kutafuta kazi mbali. Kanda ya kwanza mwana anaondoka. Kanda zote zilizobaki mama anangoja.

Sasa lazima nikwambie juu ya Bi Zuhura. Alikuwa na mwana mmoja, Athmani. Alikwenda Mombasa akapata kazi melini, nikiwa bado sijaanza shule. Mwaka wa kwanza alipiga simu mara kwa mara. Mwaka wa pili zililetwa salamu na mtu. Baada ya hapo hakuna simu, hakuna barua, hakuna hata mtu wa kuja kusema amekufa ili azikwe kwa maneno, isomwe khitma, yaishe. Kila Alhamisi baada ya alasiri Bi Zuhura alifungua chumba cha Athmani, akabadilisha shuka, akafukiza udi kwa ajili ya usiku wa Ijumaa. Harufu ilipita wikioni ikatufikia. Bibi alikuwa akiinua kichwa kidogo tu, akaendelea na kahawa yake.

Kanda za Mama Bangili zilikuja kumi na tatu. Ya kumi na nne ndiyo ilikuwa ya mwisho. Tuliingoja mwezi, miezi miwili, kisha Bwana Fadhili akatangaza kwamba kifurushi kimeanguka majini pale Mokowe, kikitolewa kwenye basi kutiwa mashuani. Nakumbuka simanzi ile. Wanawake walikaa mbele ya deki kama watu waliofiwa. Bi Zuhura alikuwa akikunja na kukunjua pindo la leso.

Ndipo Bibi aliposema, "Mimi nitamalizia."

Akasimulia. Yule mama alikuwa jikoni, anaosha mchele. Akasikia mtu anakohoa nje. Hakugeuka. Akaosha tena maji ya pili. Kikohozi kikaja tena, akakijua, kwa sababu mwana alikuwa na kikohozi kile tangu utotoni, cha kutanguliza pumzi. Akatoka na mikono imejaa mchele. Na yule kijana amesimama mlangoni, amekonda, bangili mkononi, anasema, "Mama, nimechelewa."

Hakuna jicho lililobaki kavu mle ndani. Tangu siku hiyo Bi Zuhura hakuacha kumwomba. Miaka ilipita, tamthilia nyingine zikaja na kwenda, kanda zikawa DVD, lakini kila baada ya siku kadhaa alivuka wikio akakaa mahali pake, akasema, "Nipe ile ya mwisho." Bibi hakuwahi kumwambia nimechoka. Na kila mara aliongeza jambo. Mara kijana amevaa shati la samawati. Mara amekuja na zawadi ya kitambaa. Mwisho hadithi ikawa imezoea mji wetu hivi kwamba kijana wa Kihindi alishuka kwenye basi Mokowe, akavuka kwa mashua, akawa anawauliza watu njia ya kwao.

"Bibi, India kuna Mokowe?" niliuliza, nikiwa na miaka kumi na mbili na kiburi cha kujua ramani.

"Kila nti ina Mokowe yake," alisema. "Nyamaza tumfikishe mtoto kwao."

Nikaenda chuo Nairobi. Unajua mimi nilivyo. Nikinunua hata mkate hujiuliza mara tatu kama ndio wenyewe. Mwaka wa mwisho niliiona tamthilia ile dukani. Sura ya Mama Bangili ilikuwa juu ya kasha. Seti nzima imetolewa upya, sehemu zote, picha imesafishwa, na chini kuna maandishi ya Kiingereza yanayofasiri kila wanachosema. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Niliwaza kama diski zitakubali kwenye deki ya nyumbani. Niliwaza kama ni nakala halali. Nilipoichukua, niliirudia diski ya mwisho mara tatu hosteli, mwanzo wake tu, kuhakikisha haikwami. Mwisho wenyewe sikuutazama, maana nilitaka tuutazame pamoja. Niliwaza hata nitakaa upande gani wa chumba ili nimwone Bibi usoni. Nilipofika Mokowe, niliingia mashuani kwa hofu, kasha nimelikumbatia ndani ya buibui kwa mikono miwili, lisije likaanguka kama lile la kwanza.

Kabla ya kupanda nyumbani nilipita kwa Bwana Fadhili. Siku hizo alikuwa tayari anauza kava za simu na chaja, kanda zimebaki rafu moja tu, zimefifia. Nilimwonyesha kasha. Alilishika akaligeuza nyuma, mbele, nyuma.

"Umemwonyesha bibi yako?"

"La, Bwana Fadhili. Nataka aone ghafla, afurahi."

"Mwulize kwanza."

"Nikimwuliza si nitaharibu?"

"Haribu," alisema. "Mwulize, binti yangu. Mwulize tu."

Nilifikiri juu ya maneno yale njia nzima. Labda anaona wivu, biashara yake imekufa. Labda ana nakala yake anataka kutuuzia. Labda anadhani deki yetu mbovu. Niliyawaza yote, mwanangu, ila kufanya alichoniambia.

Alasiri ya siku ya pili niliwakusanya. Bibi alikuwepo, Bi Zuhura alikuwepo, mama yangu na majirani wawili. Nilipolitoa kasha, majirani walipiga vigelegele. Bibi hakupiga. Alilitazama, kisha akanitazama mimi, na leo najua mtazamo ule ulikuwa unauliza nini. Siku ile nilidhani ni mshangao.

"Tutizame kesho," alisema. "Leo nina kichwa."

"Bibi, ni ile ya mwisho tu. Saa moja."

"Hebu niletee mayi kwanza." Nikamletea. "Na hiyo stima leo haikatiki?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka.

"Mwache aweke, Mwanaesha," Bi Zuhura alisema. Alikuwa amekaa mahali pake, ameegemeza mgongo ukutani. "Na mimi nataka kumwona huyo kijana kwa mato yangu."

Nikaweka. Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kusoma Kiingereza kwa kasi ile, niliwasomea mimi, kwa Kiswahili safi, neno kwa neno. Nilikuwa nimefurahi jamani. Mara ya kwanza katika chumba kile tulijua hasa wanasema nini. Mama anaosha vyombo. Mlango unabishwa. Anaingia mtu mgeni, mzee, amevua kofia. Anafungua kitambaa, ndani yake bangili. Na maandishi yakatokea chini, nami mdomo wangu tayari ulikuwa unakwenda, haukuwa na breki: "Mwanao alikufa mwaka ule ule wa kwanza. Ulikuwa ukimngoja maiti."

Sikusoma tena baada ya hapo. Picha ziliendelea bila mimi.

Bi Zuhura alikaa mpaka majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Kisha akainuka, akakung'uta leso yake, akaikunja vizuri. Akanishika bega.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Umesoma vizuri."

Akavuka wikio. Tulisikia ndara zake, halafu mlango wake, ambao ulikuwa haufungwi kwa komeo tangu nizaliwe, ukitiwa komeo.

Majirani walipoondoka, Bibi aliinuka akafungua kasha lake la nguo, lile la mbao lililo na misumari ya shaba, akapekua mpaka chini kabisa. Akatoa kitu kimefungwa kwa kipande cha leso kuukuu. Ilikuwa kanda. Namba kumi na nne.

"Haikuanguka mayini," alisema. "Fadhili aliniletea mimi mwanzo, kama kawaida yake. Nikaitizama peke yangu asubuhi, mama yako yuko sokoni. Sikuhitaji Kihindi. Nikamwambia Fadhili aseme imeanguka, naye Mungu ampe kheri, akasema."

Nikaanza kujitetea. "Mimi ningejuaje, Bibi?"

"Ungeuliza."

Alisema hilo tu. Hakupandisha sauti. Akaifunga tena kanda ndani ya leso, akairudisha mahali pake. Alhamisi iliyofuata nilikaa dirishani tangu alasiri. Udi haukuja.

Na hapa ndipo kosa langu la pili, mwanangu, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la kwanza. La kwanza nililifanya kwa kutojua. La pili nililifanya nikijua. Nilijua lazima nivuke wikio nikaombe msamaha. Ni hatua kumi na moja, nimezihesabu. Lakini nilitaka kwanza nipate maneno. Nikaanza kuyatunga. Nikisema nilikosea, je, si nitakuwa nathibitisha kwamba Athmani amekufa? Nikisema ni filamu tu, si nitamfanya mjinga? Nikimpelekea kitu, ataona nalipia? Niliandika kwenye daftari, nikafuta. Wiki zikawa miezi. Na Bibi naye hakuvuka, alikuwa na haya ya mtu aliyefumaniwa na uwongo. Bi Zuhura naye hakuvuka. Wazee wawili waliokuwa wakinywa kahawa pamoja kila siku ya Mungu kwa zaidi ya miaka arubaini wakawa wanaulizana hali kupitia kwa mama yangu.

Wakati mwingine nilimkuta Bibi amekaa mbele ya televisheni iliyozimwa, mchana, anatazama kioo. Niliwahi kumwomba anisimulie chochote. Alitabasamu akasema amesahau.

Ramadhani ilipita, na baada ya Idi Bibi akafariki, kwa upole, kama alivyokuwa akifanya mambo yake mengi.

Siku ya khitma nyumba ilijaa. Bi Zuhura alikuja kwa njia ya nje, na buibui, kama mgeni. Nilipomwona anapanda ngazi za mbele, maneno yangu yote ya kwenye daftari yalipotea. Nilimwendea nikamshika mikono nikalia kama mtoto. Akanivuta wikioni, tukakaa pale chini, watu wakipita chini yetu.

"Uliniona mimi mjinga?" aliniuliza. "Nami ningeamini kwamba Mhindi ameshuka Mokowe?"

Nikasema sijui.

"Sikuwa nikiamini, mwanangu. Nilikuwa nikisikiza. Kuamini nilikwisha zamani. Lakini alikuwapo mtu moya duniani anayemleta mwanangu mpaka mlangoni, kila nikimwomba, na kila mara anamvalisha shati jipya." Akafuta uso kwa leso. "Siku ile sikukasirika na filamu. Nilifunga komeo nikamngoja Mwanaesha aje agonge, anambie hawa wamekosea. Nami nimfungulie. Miezi yote ile."

"Na yeye alikuwa na haya, Bi Zuhura."

"Haya ya nini? Ningemwambia tu amalizie."

Ndani walikuwa wamefika kwenye dua, sauti zao zinapanda na kushuka. Kisha akaniuliza, polepole, kama mtu anayeomba maji nyumba asiyoizoea, "Wewe unaikumbuka?"

Nikaanza. Nilisema kijana ameshuka Mokowe, amevuka kwa mashua, amefika mlangoni, amesimama na bangili.

"Sivyo," alinikata. "Hukukohoa. Anaanza kukohoa."

Nikarudi nyuma, nikakohoa.

Sasa ndio unajua kwa nini kila Alhamisi baada ya alasiri hunikuti nyumbani. Naivuka ile njia ya juu. Sisimulii vizuri, sauti yangu haina ule uvivu mtamu wa Bibi, na bado husimama katikati nikijiuliza kama nimekosea, na Bi Zuhura hunikemea niendelee. Chumba cha Athmani kinafunguliwa tena. Udi unafika mpaka kwetu. Lakini ninapomaliza, sote wawili hutazama mlango wa wikio upande wa nyumba yetu, kwa sekunde moja tu, kisha hatutazamani. Tungetoa kila tulicho nacho ili atoke pale mtu na kikombe chake cha kahawa, atuambie tumekosea vibaya.

Lile kasha la DVD liko kabatini kwangu. Kanda namba kumi na nne iko ndani ya kasha la Bibi, na hakuna tena deki ya kuichezesha Amu nzima.

Basi nasaha yangu kwako ni hii, nami naisema wazi kwa sababu mimi niliambiwa wazi na Bwana Fadhili nikaitafuta maana nyingine. Sikwambii ufiche ukweli, wala sikwambii uwongo ni mzuri. Hilo nimeliwaza miaka na sijalimaliza. Nakwambia ukiingia chumba cha watu na kitu unachokijua, uliza kwanza. Tazama nani amekaa pale na anangoja nini. Wakati mwingine watu hawabishani juu ya filamu. Wanashikana mikono, na wewe unakata mikono. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usingoje upate maneno mazuri. Nenda na mabaya. Nenda leo, hata ukalie tu. Rafiki za mama yako wako pale pale. Bi Salma alikuwa katikati ya kusimulia ulipomkata. Mwombe amalizie.

Mungu akuhifadhi, mwanangu, akupe elimu na akupe moyo wa kuiwekea adabu. Akufungulie milango yote uliyoifunga bila kujua. Na siku stima ya dunia yako itakapokatika, kabla hujaona mwisho, akujaalie mtu wa kukaa karibu nawe, akunje miguu yake vizuri, akumalizie. Amin.